Kilwa, Songo Mnara na Matumbi kwa safari moja: panga na maji kwanza, tarehe baadaye

Mwalimu Zuhura wa Morogoro ameandika swali refu, nalifupisha ili na wengine walifuate. Wako walimu tisa, wanataka kwenda Kilwa likizo ya mwezi wa sita, na anakwenda pia mama yake mzazi, miaka 68, magoti yanamsumbua. Kampuni moja ya Dar imewapa pakeji ya siku tatu: siku ya kwanza Dar mpaka Kilwa na Kivinje, ya pili Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ya tatu vilima vya Matumbi alafu Tendaguru walikochimbwa wale mijusi wakubwa wa kale, na usiku huohuo kurudi Dar. Anauliza kama inawezekana, kama kuna haja ya kumlipa mwongozaji wakati simu zina ramani na historia wameshaisoma, na mama atafanyaje.

Mwalimu, nianze na pakeji maana hapo jibu ni fupi. Haiwezekani. Matumbi iko kaskazini ya Kilwa, upande wa kurudi Dar, na Tendaguru iko kusini, ndani ya porini huko kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kwahiyo siku ya tatu mtakuwa mnaenda kusini na kaskazini kwa wakati mmoja, na sehemu zote mbili zina barabara za vumbi ambazo dereva hawezi kukimbiza gari. Mtaishia kuona dirisha la kosta. Ila mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni siku ya pili, kwasababu imeandikwa "saa mbili asubuhi kuondoka" bila kuuliza siku hiyo maji ya bahari yatakuwaje, na safari ya Kilwa yote inasimama hapo. Watu wanaanza na tarehe za likizo, wanatafuta gesti, wanalipa, alafu wanafika gatini Kilwa Masoko, mji wa bara ambako boti zinaondokea, ndo wanaambiwa nahodha anasubiri maji. Fanya kinyume chake.

Wewe umesema unafundisha jografia kwahiyo hili utalielewa haraka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti yake pwani yetu inazidi mita 3, na siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Sasa fikiria umeondoka Masoko saa mbili, boti ya kawaida ya injini inachukua saa moja na kitu mpaka masaa mawili kufika Songo Mnara, unafika saa nne na maji ndo yametoka yote. Pale mnaingilia kwenye mikoko. Maji yakiwa yametoka boti inasimama mbali na mnashuka kwenye tope na maji ya magotini, mnatembea juu ya mizizi na mawe yenye chaza wanaokata miguu. Kijana atacheka, mama yako hatafika. Na mkikaa magofuni mkasahau mda ndo hivyohivyo wakati wa kutoka, boti inakaa juu ya mchanga mpaka maji yarudi na mtavuka giza.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Kwahiyo hesabu mwezi mwandamo, ile kalenda ya Kiislamu iliyoko kwenye kila msikiti: ukifika tarehe 8, 9 au 10 ya mwezi, au tena 22 mpaka 24, maji yanajaa kwenye saa nne mpaka saa tano na nusu asubuhi. Hizo ni siku za maji mafu, hayajai sana lakini pia hayatoki sana, bahari imetulia zaidi mkondoni, na unaondoka Masoko asubuhi na maji yanajaa, unashuka karibu, unapata masaa yako matatu magofuni na unatoka kabla hayajatoka yote. Hizo ndo siku zako za Songo Mnara. Chukua likizo yenu, tafuta hizo tarehe ndani yake, hakikisha kwa jedwali la maji la bandarini na kwa nahodha mwenyewe, alafu siku nyingine zote zipange kuizunguka hiyo siku moja. Kilwa Kisiwani yenyewe haina ugumu huo, iko kama kilomita 2 tu kutoka gati la Masoko, haifiki nusu saa, unaweza kwenda siku yoyote.

Kuhusu mwezi wa sita. Ni mzuri kwa kuwa masika yameisha, hewa imepoa na njia za vumbi zimekauka, lakini ni kusi. Upepo unapanda kadri jua linavyopanda, mchana bahari inakuwa na mawimbi mafupi ya kuchosha, mtaloa. Kwahiyo ondokeni mapema na nguo za kubadilisha ziwe kwenye mfuko wa nailoni. Mngekuwa na uhuru wa kuchagua ningewaambia mje wakati wa maleleji, mwezi wa tisa mwishoni mpaka wa kumi, bahari inalala kabisa. Kinachonifanya niwakataze ni Aprili na Mei. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, madaraja yakaondoka na maji, watu walilala njiani na magari yao. Hata bila kimbunga mvua za masika huko ni nzito na vilima vya Matumbi havipitiki.

Sasa mwongozaji. Nakuelewa kabisa unaposema historia mmeisoma, na mimi nimesomea mambo haya na bado nikiwa na wageni namchukua mtu wa kisiwani. Kwanza ni utaratibu, pale ni eneo la urithi wa dunia tangu 1981, linasimamiwa na TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, kibali unakata Masoko kabla hujavuka bahari na unapewa mtu wa kukutembeza. Malipo ni kwa kontroo namba kama malipo mengine ya serikali, raia wanalipa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko mgeni wa nje, kwahiyo kila mtu abebe kitambulisho cha taifa, asiyekuwa nacho atabishana dirishani na mtapoteza asubuhi. Pili, na hii ndo muhimu zaidi, magofu ya Kilwa hayana vibao vya kukueleza kila kitu, ukiingia peke yako utaona kuta na mibuyu na utachoka baada ya dakika 40.

Nikupe mfano wa Msikiti Mkuu. Mnaingia, mnaona nguzo nyingi na kuba, mnapiga picha. Mwongozaji mzuri atawapeleka kwanza upande wa kaskazini kwenye ule ukumbi mdogo ulioanza karne ya 11, awasimamishe hapo, alafu awageuze muone kule kusini walipoongeza sehemu kubwa mwanzoni mwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenyewe mtaona kwa macho kwamba hawa watu waliongeza msikiti kwasababu mji ulikuwa umeongezeka na hela ipo. Hela ilitoka wapi? Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliyokuwa inashushwa kutoka bara huko Zimbabwe, Kilwa ndo ilikuwa inashika hiyo biashara. Sarafu ya huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, na sarafu nyingine za shaba za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Waambieni wanafunzi wenu hilo mkirudi, Australia.

Ibn Battuta alifika hapo 1331 na akausifia kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Wakati ule ndo Husuni Kubwa ilikuwa imejengwa au inajengwa, kati ya 1310 na 1333, jumba la sultani juu ya jabali linaloangalia bahari, vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane. Kaeni pale kwenye kile kidimbwi. Mnaona bahari yote, na mnaelewa kwanini mtu alichagua pale badala ya kule mjini, kila jahazi linaloingia analiona yeye kwanza. Pembeni kuna Husuni Ndogo, ukuta mnene wa mstatili na ndani karibu kutupu, wataalamu bado wanabishana ilikuwa ya nini, na mimi napenda kuwaachia walimu wabishane pia.

Kuna kitu kingine mwongozaji wa kisiwani anacho ambacho hakuna ramani itakupa. Yeye anajua kisima kipi bado kinatumika na ukuta upi umeanza kulegea msisimame chini yake, na anajua nyumba ya mzee gani mnatakiwa kupita kusalimia. Watu wanaishi Kisiwani, wanalima na kuvua kati ya magofu, makaburi ya wazee wao yapo hapo. Nguo za heshima basi, kina dada leso mabegani na sketi au suruali pana, kina kaka kaptula waache gesti, na kwenye misikiti vueni viatu pale mnapoambiwa hata kama haina paa. Mkienda Ramadhani msile hadharani. Picha za watu kwa kuomba, na hasa watoto msiwape hela ya picha, mkitaka kusaidia shule ya kijiji ongeeni na mwalimu mkuu, nyie ni walimu mtaelewana.

Vigae msiokote. Mtaviona kila mahali chini, vya bluu na nyeupe vya China, vya kijani vya Uajemi, vya udongo wa kwetu, na mkono unawasha kuweka kimoja mfukoni. Ni kosa kisheria tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zaidi ya sheria, kile kigae kikiwa mahali pake kinamwambia mchimbaji nyumba ni ya lini na mwenyewe alikuwa anakula kwenye sahani ya wapi. Kikiwa kabatini Morogoro hakisemi chochote. Hili nalisema kila mara na nitaendelea kulisema.

Songo Mnara ni tofauti kabisa na Kisiwani, na kama ningeambiwa nichague moja kwa kundi la walimu ningepata shida kweli. Kisiwani mji ulijengwa juu ya mji kwa mamia ya miaka, kila sultani akabomoa na kuongeza, wakaja Wareno 1505 wakaweka ngome, baadae Waomani wakaijenga upya ndo hiyo Gereza mnayoiona ukishuka tu. Songo Mnara watu waliishi kama karne mbili tu, mwisho wa 1300 mpaka 1500 na kitu, wakaondoka na hakuna aliyekuja kujenga juu yao. Kwahiyo unaingia kwenye nyumba ya mtu. Kuna ukuta wa mji, misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba za mawe zaidi ya 30, na kwenye nyumba unaona baraza ya mbele ambapo mgeni alipokelewa, kiwambaza, zidaka za ukutani zimepangwa, matundu ya boriti za mikoko zilizoshika dari, alafu vyumba vya ndani kabisa vya familia. Mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ya zamani ya Lamu au Mji Mkongwe anazijua hizo nyumba, mpangilio ni uleule. Wanaakiolojia kina Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba hapo kuanzia 2009 na walichokitilia maanani ni vile viwanja vilivyoachwa wazi katikati ya mji, kwamba havikuwa sehemu zilizobaki bila kujengwa, vilipangwa, kuna makaburi na sehemu za watu kukutana. Na chini ya nyumba moja walikuta sarafu zaidi ya 300 zimezikwa pamoja. Mwulizeni mwongozaji awaonyeshe namna jiwe la matumbawe linavyokatwa, lile laini la kuchonga mihrabu na miimo linatolewa baharini likiwa bichi na kuchongwa kabla halijakauka, na lile gumu la kuta linachimbwa nchi kavu.

Songo Mnara hakuna duka wala kivuli cha kutosha magofuni. Maji ya kunywa lita mbili kila mtu, kofia, viatu vya kufunga ambavyo viko tayari kuloa.

Mama yako. Mlete, usimwache Morogoro. Kisiwani Gereza iko karibu na mnaposhukia, na kutoka hapo mpaka Msikiti Mkuu na ule msikiti mdogo wa kuba ni mwendo mfupi, ardhi si mbaya, aende polepole na fimbo na mtu wa pembeni, mbebe kiti cha kukunja, apumzike chini ya mbuyu. Ule msikiti mdogo wa kuba ndo uliobaki mzima kuliko yote, asiukose. Jumba la Makutani atalitazama kwa nje. Husuni Kubwa iko mbali upande wa mashariki, ni kutembea au kuzunguka kwa boti na kupanda jabali, hapo abaki kijijini na mmoja wenu, na kuna kina mama wa kuongea nao, pengine atarudi na habari kuliko nyie. Kuhusu Songo Mnara, kama mmefuata tarehe za maji nilizosema na nahodha amekubali kuleta ngazi ya kushukia, anaweza. Kama tarehe hazikubali basi siku hiyo akae Masoko, pwani ya Jimbizi ina upepo mzuri. Shida yake kubwa itakuwa kupanda na kushuka botini zaidi ya kutembea, kwahiyo msichukue ngalawa nyembamba ya bei rahisi, chukueni boti pana yenye benchi na turubai. Dawa zake za presha na maumivu abebe za kutosha, hospitali ya wilaya ipo Kivinje, sio Masoko. Vyandarua gesti zipo ila kagueni matundu, malaria huko ipo mwaka mzima.

Kwenye boti msione aibu kuuliza. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na la mama alijaribu kabla ya kuondoka. Mafuta ya kwenda na kurudi na ya ziada. Leseni ya chombo na idadi ya abiria iliyoandikwa. Nahodha ambaye akisema leo hapana mnamshukuru na kurudi gesti. Upande wa kampuni ya Dar waulizeni leseni ya utalii, ile inayoitwa TALA, na muwaulize mwongozaji wa Kilwa ni nani na analipwa shilingi ngapi kutoka kwenye hela yenu. Swali hili la mwisho linawatenganisha haraka sana, kampuni inayofanya kazi vizuri ina jibu hapohapo kwasababu inafanya kazi na mtu mmoja kila mara.

Siku tatu ni chache, ombeni ruhusa ya siku tano au sita na Tendaguru muiache. Najua mwalimu wa baiolojia atanuna. Ni historia kubwa, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, mamia ya watu wa Lindi ndo waliochimba chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani na ndo waliobeba mifupa kichwani mpaka bandarini Lindi, na yule mjusi mrefu wa zaidi ya mita 13 amesimama jumba la makumbusho Berlin mpaka leo. Lakini ukifika Tendaguru yenyewe unakuta pori, mashimo yamefunikwa, bila mtu wa kukueleza ni majani. Inahitaji siku nzima kutokea Lindi na gari la juu. Ifanyeni safari nyingine, muunganishe na Mikindani.

Matumbi ibakizeni, na hapa nasema kwa moyo wote, maana watu wanakwenda Kilwa kuona masultani na wanaondoka bila kuona walikotoka waliopigana. Ukiwa unarudi Dar unaacha lami pale Njia Nne, unapanda kuelekea Kipatimu. Nchi inabadilika kabisa, kutoka minazi na chumvi ya pwani unaingia vilima vya kijani, mabonde, migomba na michungwa, mawe ya chokaa yenye mapango. Nandete ndiko walikong'oa miche ya pamba mwezi wa saba 1905 na Majimaji ikaanza, Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe na alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita yenyewe ndo kwanza ilikuwa inapamba moto. Pango la Nang'oma ni kubwa sana, watu walijificha humo wakati wa vita. Mnaingia na mtu wa kijiji, baada ya kumuona mwenyekiti, tochi mbili kila mtu maana simu hazitoshi, popo ni wengi na chini panateleza. Mama asiingie, abaki kwa wenyeji. Kama mvua imenyesha juzi msipande na kosta, tafuteni gari la juu Nangurukuru au muahirishe.

Na Kivinje msiifanye ya kupita dakika 20 kama ilivyoandikwa kwenye pakeji. Karne ya 19 pale ndo ilikuwa bandari kubwa ya watumwa wa njia ya kusini, waliotembezwa kutoka Ziwa Nyasa, na mzizi wake unaanzia Kisiwani, 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1000 kila mwaka. Mwongozaji anayeruka hapo akakaa kwenye dhahabu tu hawatendei haki wale watu. Alafu Wajerumani, boma lao bado lipo pale ufukweni paa limeanguka, na Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga alinyongwa Kivinje 1895 pamoja na wenzake. Muulizeni mwenyeji awapeleke ulipokuwa mwembe kinyonga, yaani mwembe wa kunyongea watu. Nendeni jioni jua likipungua, mtembee mitaa ya zamani yenye milango ya kuchonga na nyumba zinazodondoka, mzungumze na wazee barazani. Mji huo unaisha mbele ya macho yetu na sioni mtu anaharakisha kuukarabati.

Kwahiyo ningepanga hivi. Siku ya kwanza tokeni Dar alfajiri, Mbagala Rangi Tatu kabla ya foleni, Kibiti, daraja la Mkapa pale Rufiji shukeni mnyooshe miguu ya mama, mchana samaki Somanga, jioni Masoko mkamalizane na kibali cha kesho. Siku ya pili Kisiwani kutwa. Ya tatu Songo Mnara, au mbadilishane na ya pili kutegemea maji, msiweke vyote viwili siku moja hata nahodha akisema inawezekana, inawezekana ila mtaona nusu ya kila kimoja. Siku ya nne asubuhi mpumzike, jioni Kivinje. Ya tano Matumbi, mlale Kipatimu au mteremke kulala Somanga, ya sita Dar na Morogoro. Muwe na siku moja ya akiba kama ruhusa ipo, kusi likikaza nahodha atawaambia subirini na mtafurahi kuwa nayo.

Umeuliza pia chakula kwa watu kumi. Kisiwani ukitoa taarifa siku moja kabla kupitia mwongozaji, kina mama wa kijijini wanapika wali wa nazi na samaki au pweza, mnakula barazani baada ya matembezi, na hela inabaki kisiwani. Toeni nusu mapema maana wanakwenda kununua vitu asubuhi sana, na semeni kama kuna asiyekula pilipili. Siku ya Songo Mnara bebeni kutoka Masoko, chapati, mayai, ndizi, maandazi, na vyote mvifunge vizuri visiharibiwe na maji ya chumvi.